Jinsi udongo wa Kisiwa cha Pasaka ulivyozaa dawa ya figo na moyo

MVUA ya kwanza inaponyesha baada ya kiangazi, ardhi hutoa harufu ambayo kila mkulima anaijua. Wengi hudhani kwamba hiyo ni harufu ya udongo wenyewe. Wanasayansi wanaeleza kuwa, kwa kiasi kikubwa, harufu hiyo hutokana na kemikali inayotengenezwa na bakteria wadogo mno waishio udongoni, ambao kitaalamu huitwa Streptomyces.

Bakteria hawa wana historia ndefu hospitalini, ijapokuwa wagonjwa hawawajui kwa jina. Streptomaisini, dawa ya kwanza ya kuua vijidudu vya kifua kikuu, ilipatikana kwao mwaka 1943. Tangu wakati huo watafiti wamekuwa wakichota udongo kila pembe ya dunia wakitumai kwamba gramu moja tu huenda ikawa na tiba ambayo binadamu hajaifahamu.

Miongoni mwa dawa zilizopatikana kwa njia hiyo, ni chache zilizopitia masaibu kama ya rapamaisini. Ilianzia kwenye kisiwa kilichojitenga na dunia, ikanusurika kutupwa jaani, ikahifadhiwa kwa miaka kadhaa ndani ya jokofu la nyumbani, na hatimaye ikawafikia wagonjwa waliopandikizwa figo na wale wenye mishipa ya moyo iliyoziba.

Kisa chake kinaonyesha jinsi taaluma ambazo aghalabu hufundishwa katika idara tofauti, yaani ikolojia, upandikizaji wa viungo, elimu ya moyo na mbinu za kufikisha dawa mwilini, zinavyotegemeana. Kadhalika kinazua swali linaloihusu Kenya moja kwa moja: udongo unapozaa mali, mwenye udongo hupata nini?

Msafara wa 1964

Kisiwa chenyewe wenyeji hukiita Rapa Nui, na wageni hukiita Kisiwa cha Pasaka. Kimo katika Bahari ya Pasifiki, zaidi ya kilomita 3,500 kutoka pwani ya Chile, nchi inayokimiliki. Kinasifika kote duniani kwa sanamu zake kubwa za mawe.

Mnamo Novemba 1964, msafara wa madaktari na wanasayansi wapatao 40 uling'oa nanga nchini Canada kwa meli ya jeshi la majini. Kiongozi wake alikuwa Dkt Stanley Skoryna wa Chuo Kikuu cha McGill mjini Montreal. Wakati huo Chile ilikuwa imepanga kujenga uwanja wa ndege kisiwani. Watafiti hao walitaka kuwachunguza wakazi, ambao hawakufika 1,000, pamoja na mimea, wanyama na ardhi yao, kabla ya wageni kuanza kumiminika na kubadilisha mazingira yale.

Mmoja wao, Georges Nógrády, alikuwa mtaalamu wa bakteria. Kuna jambo lililomtatiza. Wenyeji wengi walitembea pekupeku katika ardhi iliyojaa farasi, na kinyesi cha farasi hubeba vijidudu vya pepopunda. Hata hivyo, ugonjwa huo haukuonekana kisiwani. Ili kupata jibu, aliigawa ardhi ya kisiwa katika sehemu 67 na kuchukua udongo kutoka kila sehemu.

Uchunguzi wake ulibaini vijidudu vya pepopunda katika sampuli moja tu kati ya zote 67. Kwa mtafiti mwingine, kazi ingeishia hapo na udongo ungemwagwa. Lakini sampuli hizo zilihifadhiwa, na mwaka 1969 zikakabidhiwa maabara ya kampuni ya dawa ya Ayerst, papo hapo Montreal.

Katika maabara hiyo, Dkt Surendra Sehgal, mzaliwa wa Bara Hindi, na wenzake walimpata bakteria wa jamii ya Streptomyces aliyekuwa akitengeneza kemikali yenye uwezo wa kuua kuvu. Kufikia mwaka 1972 walikuwa wamefaulu kuitenga kemikali hiyo. Wakaiita rapamaisini, kwa heshima ya jina la kisiwa.

Inadhaniwa kwamba bakteria huyo huitumia kemikali hiyo kama silaha ya kuwakabili kuvu wanaoshindania naye chakula udongoni. Kampuni nayo ilitumai kuitumia kutibu maradhi ya kuvu kwa binadamu. Hata hivyo, majaribio kwa wanyama yalifichua dosari: dawa hii ilidhoofisha kinga ya mwili. Nani angependa kumtibu mgonjwa wa kuvu kwa dawa inayomwacha wazi kwa maradhi mengine?

Kumbe kasoro hiyo ndiyo iliyokuwa ikitafutwa na madaktari wa fani nyingine kabisa.

Mwili unapokataa mgeni

Mnamo Desemba 3, 1967, Dkt Christiaan Barnard aliwashangaza walimwengu alipopandikiza moyo wa binadamu kwa mara ya kwanza, katika hospitali ya Groote Schuur mjini Cape Town, Afrika Kusini. Mgonjwa wake, Louis Washkansky, aliishi siku 18 pekee. Moyo mpya haukumwangusha. Aliuawa na homa ya mapafu, baada ya dawa za kuuzuia mwili wake usiukatae moyo huo kuiacha kinga yake hoi.

Hicho ndicho kitendawili cha upandikizaji. Askari wa mwili hawatofautishi baina ya kiungo kilicholetwa kuokoa maisha na kijidudu kilichokuja kuua. Vyote ni vigeni, na vyote hushambuliwa. Ukiwaacha askari hao huru, wataliangamiza figo jipya. Ukiwafunga wote, mafua ya kawaida yanaweza kumwua mgonjwa.

Nafuu kubwa ya kwanza ilitokana na udongo vilevile. Mnamo 1969, mfanyakazi wa kampuni moja ya dawa ya Uswisi aliyekuwa likizoni nchini Norway alichota udongo katika nyanda za juu za Hardangervidda. Ndani yake mlikuwa na kuvu mwenye kutoa kemikali iliyokuja kuitwa siklosporini. Uwezo wake wa kutuliza kinga ulitambuliwa mwaka 1972, na Marekani ikaiidhinisha mwaka 1983. Tangu hapo upandikizaji wa figo, ini na moyo ukaacha kuwa bahati nasibu na kuwa tiba ya kutegemewa.

Siklosporini, hata hivyo, ina ila yake. Ikitumiwa kwa muda mrefu huweza kuharibu figo. Ni sawa na kumlinda ng'ombe dhidi ya simba kwa kumfungia katika boma lisilo na malisho.

Jokofu la Dkt Sehgal

Wakati siklosporini ikisifiwa, rapamaisini ilikuwa karibu kusahaulika. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kampuni ya Ayerst iliifunga maabara yake ya Montreal na kuhamishia shughuli za utafiti Princeton, nchini Marekani. Dawa zilizoonekana hazina mustakabali wa kibiashara ziliamriwa ziharibiwe, rapamaisini ikiwemo.

Dkt Sehgal hakuwa tayari kuizika. Kabla ya kuhama alitengeneza kiasi kikubwa cha mwisho, akakitia katika vichupa na kukipeleka nyumbani kwake, ambako kilihifadhiwa katika jokofu la familia kikiwa kimebandikwa onyo kwamba kisiliwe. Familia ilipohamia Marekani, jokofu hilo lilisafirishwa pamoja na shehena yake.

Kampuni hiyo ilipounganishwa na Wyeth mwaka 1987, wakubwa wapya waliingia, naye akawashawishi waufufue utafiti. Mnamo 1989, madaktari wa upasuaji nchini Uingereza na Marekani waliripoti kwamba dawa hiyo iliwasaidia wanyama kuvipokea viungo vilivyopandikizwa. Miaka kumi baadaye, mnamo Septemba 1999, Marekani iliidhinisha itumiwe na wagonjwa waliopandikizwa figo. Hospitalini hujulikana kama sirolimasi.

Dkt Sehgal alifariki mwaka 2003 kutokana na saratani. Miaka yake ya mwisho, baada ya ugonjwa huo kugunduliwa, aliitumia dawa hiyo mwenyewe akitumai ingeipunguza kasi.

Mbiu ya mgambo

Dawa hizi mbili za kutoka udongoni hutofautiana vipi? Waswahili husema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Seli za kinga zinapokutana na kitu kigeni, baadhi yake hutoa ujumbe wa kemikali ambao ni mfano wa mbiu hiyo, na seli nyingine husikia, hujigawa na kuongezeka hadi zikawa jeshi.

Siklosporini huizuia mbiu isipigwe. Rapamaisini huiacha ipigwe, lakini wanaoisikia hushindwa kuongezeka.

Siri ya uwezo huo ilianza kufichuka mwaka 1991 mjini Basel, Uswisi, ambako Michael Hall na wenzake waliichunguza dawa hiyo kwa kutumia hamira, ileile ya kuumulia mikate. Waligundua protini ambayo rapamaisini huinasa, wakaiita TOR. Kufikia 1994, makundi kadhaa ya watafiti yalikuwa yameipata protini hiyo katika seli za wanyama, na hivi leo inafahamika kwa jina la mTOR.

Protini hii ni mfano wa msimamizi wa shamba. Kazi yake ni kupima iwapo chakula, nguvu na maagizo ya kukua vimetosha. Vikitosha, huamuru seli ijenge protini, inenepe na kugawanyika. Vikipungua, huamuru ujenzi usitishwe na takataka za ndani zitumiwe upya. Rapamaisini humfunga msimamizi huyu kinywa, na seli huenenda kana kwamba kuna njaa, hata penye shibe.

Kwa kuwa msimamizi huyu yupo katika takriban kila seli, wanasayansi walianza kujiuliza ni kitu gani kingine dawa hii ingeweza kufanya.

Safari ya moyoni

Moyo wa mtu mzima hauna desturi ya kuongeza seli. Unapoelemewa, kwa mfano na shinikizo la damu la miaka mingi, seli zake zilezile hunenepa, na kuta zake kuwa nene. Mwanzoni hali hiyo husaidia kusukuma damu, lakini hatimaye moyo hukakamaa na kuchoka. Tafiti zilizochapishwa mwaka 2003 na 2004 zilionyesha kwamba panya ambao mishipa yao mikuu ilibanwa ili moyo uelemewe hawakupata unene mkubwa kama wenzao walipopewa rapamaisini.

Hata hivyo, utafiti mwingine wa mwaka 2010 ulitoa tahadhari. Panya waliokomeshwa kabisa protini ya mTOR katika moyo walipatwa na maradhi ya moyo kushindwa kufanya kazi. Kumnyamazisha msimamizi kwa muda na kumfukuza kabisa ni mambo mawili tofauti.

Manufaa yaliyowafikia wagonjwa wengi zaidi yalipatikana penginepo, katika mishipa inayoulisha moyo wenyewe kwa damu. Mishipa hiyo hujaa mafuta na kuwa myembamba, na ikiziba ghafla mtu hupatwa na mshtuko wa moyo. Mnamo Septemba 1977, mjini Zurich, Dkt Andreas Grüntzig aliupanua mshipa wa aina hiyo kwa kupenyeza kiputo kidogo na kukijaza. Kuanzia 1986 madaktari waliongeza stenti, yaani kijibomba cha wavu wa chuma ambacho huachwa humo kuushikilia mshipa usijifunge tena.

Tatizo ni kwamba mshipa uliotanuliwa hivyo huwa umejeruhiwa, na jeraha huota kovu. Seli za ukuta wa mshipa huongezeka na kupenya katikati ya nyaya za stenti. Kwa wagonjwa 20 hadi 30 kati ya kila 100, njia ilirudi kuwa nyembamba baada ya miezi michache, nao wakalazimika kurudi hospitalini.

Hapo ndipo watafiti wa moyo walipoazima ujuzi wa wenzao wa upandikizaji. Ikiwa rapamaisini huzuia seli za kinga zisiongezeke, mbona isizuie seli za kovu? Lakini kumpa mgonjwa wa moyo vidonge vya kudhoofisha kinga ya mwili mzima, kwa ajili ya sehemu isiyozidi urefu wa kucha chache, kungekuwa kuchoma nyumba ili kumwua panya mmoja.

Dawa mahali pake

Jawabu lilitolewa na wataalamu wa ufikishaji wa dawa. Waliipaka stenti utando mwembamba wa polima uliochanganywa na rapamaisini, ili dawa ichuruzike polepole palepale penye jeraha, sehemu kubwa ikitoka katika mwezi wa kwanza. Kiasi chote kwenye stenti moja kilikuwa chini ya nusu miligramu, ilhali mgonjwa aliyepandikizwa figo kwa kawaida humeza takriban miligramu 2 kila siku.

Wagonjwa wa kwanza waliwekewa stenti hizo mjini São Paulo, Brazil, mnamo Desemba 1999. Utafiti uliowahusisha wagonjwa 238, na uliochapishwa mwaka 2002, uliwashangaza wengi. Baada ya miezi sita, hakuna hata mmoja wa wale waliopewa stenti yenye dawa ambaye mshipa wake ulikuwa umeziba upya kwa kipimo kilichowekwa, ilhali kwa waliopewa stenti tupu ni zaidi ya robo. Marekani iliidhinisha stenti hiyo mwaka 2003.

Shangwe hazikudumu bila doa. Kufikia mwaka 2006, madaktari walikuwa na wasiwasi kwamba dawa iliyozuia kovu ilichelewesha pia kupona kwa utando wa ndani wa mshipa, na baadhi ya wagonjwa wakapata damu iliyoganda ndani ya stenti muda mrefu baada ya kutibiwa. Ndiyo maana wagonjwa wa stenti husisitiziwa wasiache dawa za kuzuia damu kuganda bila idhini ya daktari. Stenti ile ya kwanza iliondolewa sokoni kuanzia 2011. Nyingi za siku hizi zina chuma chembamba zaidi na hutumia dawa ndugu za rapamaisini, kama vile everolimasi.

Hata kwa wanaomeza dawa hii, namna ya kuifikisha mwilini imekuwa kitendawili. Rapamaisini haipendi kuyeyuka katika maji. Ilipotolewa kwanza kama dawa ya kunywa, ni takriban asilimia 14 tu ya kiasi kilichonywewa kilichofika katika damu. Vidonge vilivyoidhinishwa mwaka 2000 vilitengenezwa kwa kuisaga dawa hadi ikawa chembe ndogo mno, ili iweze kufyonzwa kwa urahisi zaidi. Mwaka 2021, Marekani iliidhinisha aina inayodungwa ikiwa imefungamanishwa na protini ya damu, kwa ajili ya saratani moja adimu. Mwaka uliofuata iliidhinishwa ya kupaka usoni, kwa wagonjwa wenye vivimbe vya kurithi.

Kuna utafiti mmoja ambao uligeuzwa mkondo na suala hilihili. Wanasayansi wa Marekani walitaka kujua iwapo rapamaisini ingerefusha maisha ya panya, lakini dawa iliharibika ilipochanganywa na chakula. Muda ulipita wakitafuta jinsi ya kuifungia katika vifuko vidogo vinavyofunguka utumboni. Walipofaulu, panya walikuwa wamezeeka, wakiwa na umri wa siku 600. Wengi wangevunjika moyo. Wao waliendelea, na mwaka 2009 wakatangaza kwamba hata kwa wazee hao umri wa juu uliongezeka kwa asilimia 14 kwa majike na asilimia 9 kwa madume.

Matokeo hayo yamewafanya baadhi ya watu katika nchi tajiri kuimeza dawa hii wakisaka ujana. Haijathibitishwa kwamba humrefushia binadamu maisha. Kinachojulikana wazi ni madhara yake: hupunguza kinga, hupandisha mafuta katika damu, huchelewesha vidonda kupona na huweza kuleta vidonda vya mdomo au uvimbe wa mapafu. Hata katika upandikizaji haimfai kila mmoja, na kuna onyo kali dhidi ya kuitumia mara tu baada ya kupandikizwa ini au mapafu. Si dawa ya kununuliwa kwa ushauri wa jirani.

Haki ya mwenye udongo

Dawa hii na ndugu zake zimewaingizia watengenezaji mabilioni ya dola. Lakini watu wa Rapa Nui, ambao miili na ardhi yao ilichunguzwa mwaka 1964 na 1965, hawakupata mgao wowote wa faida hiyo. Ripoti za kwanza za kisayansi hazikuutaja msafara wala mchango wao. Kumbukumbu iliyopo kisiwani ni kibao kilichowekwa na watafiti kutoka Brazil, kinachoeleza kwamba udongo wa pale ndio uliozaa dawa hiyo.

Wakenya wana kisa kinachofanana na hicho. Katika Ziwa Bogoria, kaunti ya Baringo, wanaishi vijidudu wanaostahimili maji moto yenye magadi. Mnamo 1992, watafiti wa kigeni walichukua baadhi yao, na vimeng'enya vilivyotokana nao vikaja kutumiwa viwandani katika sabuni na katika kupausha nguo za jinzi. Mwaka 2004, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) lilijitokeza kudai kwamba nchi ilistahili mgao, jambo lililozua mzozo mkubwa. Miaka mitatu baadaye, KWS ilitia saini makubaliano na kampuni moja ya Denmark kuhusu matumizi ya vijidudu wa Kenya kwa malipo.

Jamii ya Endorois, ambayo iliishi kando ya ziwa hilo hadi ilipoondolewa katika miaka ya 1970, ilipata ushindi wake mwaka 2010, pale uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu kwamba haki zake zilikiukwa ulipoidhinishwa.

Sheria sasa zipo. Mkataba wa kimataifa kuhusu bioanuwai uliafikiwa papa hapa Nairobi mnamo Mei 22, 1992. Itifaki ya Nagoya, inayohitaji ridhaa na mgao kwa wenye rasilimali, ilianza kutekelezwa mnamo Oktoba 2014. Kenya nayo ilitoa kanuni zake kuhusu suala hilo mwaka 2006, na Katiba ya 2010, katika kifungu cha 69, inaitaka serikali ilinde rasilimali za kijenetiki na maarifa ya jamii kuzihusu.

Hata hivyo, sheria haiwezi kugawa kisichokuwepo. Iwapo sampuli za Nógrády zingemwagwa, au jokofu la Dkt Sehgal lingezimwa, wagonjwa wengi wa figo na moyo wasingeijua dawa hii. Vivyo hivyo, kinamasi kinachokaushwa au msitu unaofyekwa leo huenda ukatoweka pamoja na kijidudu ambacho hakuna aliyewahi kukitazama. Nógrády alikuwa akitafuta pepopunda tu. Asingeweza kujua kwamba miongoni mwa vifuko vyake 67 vya udongo kimoja kilibeba dawa ya moyo.